Asiyekubali Asimame

Mariakani,
12 Februari 2025

Kwa dada yangu Kahonzi,

Shikamoo dada, tena shikamoo ya magoti, maana najua umekasirika. Sisi huku hatujambo. Wifi yako Jedida anakusalimu, mgongo wake umepata nafuu, na yule kuku wake mweupe ametotoa vifaranga saba, sita wazima na mmoja anayesitasita. Mdogo wetu Emily hajambo? Mwambie kaka yake anamkumbuka.

Umenipigia simu wiki tatu bila kujibiwa. Simu yangu haijaibiwa wala haijaingia maji. Iko ndani ya kikapu chumbani kwa mwenyekiti wa ploti, pamoja na simu nyingine kumi na tisa, na mwenyekiti ametuhakikishia kwamba zinapumzika vizuri. Ndiyo maana naandika. Barua anakuletea Hesbon, dereva wa lori la mananasi anayekuja Marafa kila baada ya wiki mbili. Ukiwa na jibu mpe yeye.

Ngoja nikueleze kabla hujaanza kupiga meza. Unaikumbuka ploti yetu: vyumba kumi na viwili, bomba moja, choo kimoja, na kila asubuhi vita vya ndoo. Mwaka jana nguo zikaanza kuibwa kambani. Mimi nilipoteza suruali mbili, Jedida akapoteza leso yake ya harusi, na ikafika mahali watu hatusalimiani, tunakaguana nguo tu. Ndipo akahamia chumba namba saba mzee mmoja wa bara, jina lake Nahashon, aliyekuwa mpiga kengele wa shule kwa miaka thelathini na mmoja. Alitutazama siku nne. Siku ya tano akatundika rimu ya lori pale getini, akaigonga kwa nati kubwa, akasema, "Nipeni wiki mbili tu niwanyooshe. Zikiisha, mnipokonye hii nati."

Dada, tulimpa, tukamfanya na mwenyekiti, na kweli tulinyooka. Rimu ikilia mara moja, chumba cha kwanza hadi cha nne wateke maji. Ikilia mara mbili, wanaofuata. Nguo haziibwi tena. Leso ya Jedida ilirudi yenyewe kambani, imekunjwa na kupigwa pasi, na hakuna aliyeuliza. Wiki mbili ziliisha Oktoba na hakuna aliyekumbuka habari ya nati.

Simu zilifuata mwezi wa kwanza kwa sababu ya fitina za kikundi cha WhatsApp cha ploti. Mwenyekiti alisema ziwekwe kikapuni kuanzia saa mbili usiku tu. Sisi wenyewe ndio tuliouliza kwa nini usiku peke yake, na mchana je? Nataka ujue hilo, usije ukasema tulilazimishwa.

Ndugu yako mtiifu,
Masha

*Imesomwa. Haina madhara. Ila mwandishi aache kusema "vita vya ndoo", aseme "msongamano". Nahashon, Mwenyekiti.*


Marafa,
3 Machi 2025

Masha,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua bado, mihogo inajitahidi, mbuzi mmoja alikula daftari la mganga wa kijiji na sasa watu wanamwogopa. Emily hajambo, anamenya mihogo hapa pembeni, ametulia kama kawaida yake.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikatoka nje kupunga hewa. Mwanamume mwenye ndevu, baba wa watu, amepokonywa simu na mpiga kengele, halafu anasema hakupokonywa, alitoa. Kazini kwenu hakuna simu? Kiwanda kizima cha maziwa hakina mtu wa kukuazima akusalimie dada yako? Nilidhani umekufa. Nilikuwa nimeshaanza kukumbuka mazuri yako, nikafika mawili.

Na wewe Nahashon unayesoma barua za watu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi, irudishe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wamekusifu mno.

Sasa lililo kubwa. Ukoo wa Mwaro wamepiga hodi kwa ajili ya Emily. Mwaro unamjua, yule wa duka la vipuri vya pikipiki, kijana mpole, meno yote yapo. Wanaleta kadzama, mtungi wao wa pombe ya mnazi, Jumamosi ya tarehe 26 Aprili. Baba hayupo, baba wadogo wote wametangulia. Mimi nilirudi hapa nyumbani baada ya kufiwa, lakini mwanamke hashiki kata mbele ya wazee. Umebaki wewe. Mila unaijua: mnazi unamiminwa, wewe unashika kata, unamgeukia msichana mbele ya watu wote na kumwuliza, "Emily, ninywe nisinywe?" Akisema kunywa, unakunywa, na uchumba umeshika. Bila wewe hakuna wa kuuliza, na bila swali hakuna ndoa. Wakirudi na mtungi wao umejaa, sitaweza kupita senta ya Marafa kwa aibu.

Omba ruhusa kwa huyo bwana wako wa rimu, uje.

Dada yako,
Kahonzi


Mariakani,
17 Machi 2025

Dada Kahonzi,

Shikamoo. Huku joto limezidi, lakini wote tuko salama. Yule kifaranga aliyekuwa anasitasita ameamua kuishi. Jedida amefurahi sana kusikia habari za Emily, hata akaimba kidogo, kisha akakumbuka kuwa nyimbo ni Jumamosi.

Kazini simu zipo, dada. Wenzangu wananipa. Tatizo ni kwamba nimeahidi. Siku moja nilishika ya mwenzangu mmoja, nikabonyeza namba yako hadi tarakimu ya sita, nikahisi rimu inalia kichwani, nikamrudishia. Alinitazama kwa huruma.

Najua utauliza watu wazima wa vyumba kumi na viwili wanakubalije. Mkutano wetu ni Jumapili baada ya kanisa, kwenye mabenchi aliyotutengenezea mwenyekiti, na ni mabenchi mazuri yenye egemeo. Zamani tulikuwa tunainua mikono. Mwenyekiti akaona kuhesabu mikono kunachelewesha chakula. Siku hizi anasoma pendekezo, kisha anasema, "Asiyekubali asimame." Tumetoka kanisani tulikosimama saa tatu nzima, miguu inauma, ugali unapoa. Nani asimame? Pendekezo linapita, tunapiga makofi tukiwa tumekaa.

Ndivyo Jumanne ilivyokuwa kabichi. Harufu ya samaki wa kukaanga wa chumba cha tatu ilikuwa inaleta husuda, kwa hiyo tukakubaliana Jumanne ploti nzima ipike kabichi, pasiwe na wa kumwonea mwenzake wivu. Na kwa kweli hakuna anayeonewa wivu siku hiyo.

Aliyewahi kusimama ni mmoja tu, Wanjira wa chumba cha tisa. Hakukusudia. Siafu walipanda benchi lake. Lakini alisimama, na mwenyekiti akaandika kitabuni kwamba upinzani umejitokeza. Wiki mbili hakuna aliyemsalimia. Sasa hivi watu wanamwendea kwa siri, wanamnong'onezea malalamiko yao ya choo na kabichi, naye anawaambia, "Jamani, mimi nilikuwa naumwa na siafu." Wanamkonyeza, wanasema wameelewa.

Dada, usicheke. Unajua ninavyolala siku hizi? Zamani nilikuwa nafika nyumbani kichwa kinauma: nipange foleni ya maji au nisipange, nigombane na nani, nimshuku nani. Kuamua kunachosha. Sasa rimu inalia, nanyanyuka. Jedida naye anasema afadhali hivi, maana zamani nilirudi saa ninayotaka, na siku hizi nafika kabla ya rimu ya jioni.

Ruhusa ya tarehe 26 inashughulikiwa. Nitakujulisha.

Emily mwenyewe anasemaje kuhusu Mwaro? Hukuniambia.

Masha

*Imesomwa. Dada yake amenizidi umri kwa miaka miwili, nimeuliza. Kwa hiyo shikamoo mama. Suala la tembo na maji limenichoma. Nahashon.*


Marafa,
31 Machi 2025

Masha,

Marahaba, na wewe Nahashon marahaba, kaa hapo hapo.

Kwetu salama. Mvua imenyesha siku moja kisha ikajuta. Maandalizi yanaendelea: nimeazima viti kanisani, nimechagua mbuzi (si yule msomi), nimemkatia Emily kitenge cha kijani. Yeye alitaka cha buluu, lakini kijani kinamfaa.

Nimewaza sana habari ya ploti yenu. Kwamba mtu mzima aambiwe ale nini Jumanne. Kwamba aambiwe aimbe lini. Mimi hapa nyumbani hakuna wa kunipigia rimu. Tunakula ninachopika. Taa inazimwa nikishikwa na usingizi. Emily anakwenda kisimani asubuhi na jioni kwa saa nilizompangia tangu ana miaka minane, na hajawahi kunipinga hata siku moja, hata kwa macho. Ndivyo watu huru wanavyoishi, kwa utulivu. Mwambie mwenyekiti wako aje ajifunze.

Kuna msichana anaitwa Trizah anayemtia Emily upuuzi. Yuko Dabaso, kikundi chao kinafuga kaa kule mikokoni, eti wanawatia kwenye vizimba, wanawalisha, wananenepa, wanauzwa hotelini. Amemwambia Emily kuna nafasi. Nimeuliza kaa ana nini cha kumfanya mtu aache nyumba yake. Mnyama mwenyewe anatembea upandeupande na ana hasira tangu kuzaliwa. Mazungumzo yaliishia hapo.

Umeniuliza jambo nami nimelisahau. Tuliache.

Tarehe 26, saa nne asubuhi. Unakuja au huji? Nataka neno moja.

Kahonzi


Mariakani,
12 Aprili 2025

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi. Jedida hajambo, vifaranga hawajambo.

Nasikitika kukuarifu kwamba mwenyekiti amekataa. Nimemsihi sana, dada. Nimepiga goti. Amesema nikikosekana siku mbili zamu ya bomba itavurugika na ploti itarudi kwenye msongamano wa ndoo. Machozi yalinitoka, lakini sheria ni sheria.

Ili nisikuangushe, nimempa Hesbon koti langu la kanisani. Livisheni kiti changu, mliwekee na kofia ya marehemu baba, wazee watafahamu kwamba nipo kwa moyo. Kata anaweza kuishika jirani yeyote mwenye mikono mirefu.

Emily anasemaje?

Masha mwenye huzuni

*Imesomwa. Kama mpiga kengele siwezi kuacha jambo lisilo sahihi lipite. Masha hajaniomba ruhusa yoyote. Hajapiga goti lolote. Juzi nilimwuliza kama ana safari mwezi huu, akaniambia hana, akaenda kuoga. Geti halina kufuli, kufuli lenyewe nimefungia banda la kuku. Na kuhusu barua yako ya mwisho, mama: nyani haoni kundule. Nasema kwa heshima zote. Nahashon.*


Marafa,
18 Aprili 2025

Masha,

Nimempa barua hii dereva mwenzake Hesbon wa zamu nyingine, hakuna nafasi ya salamu.

Koti nimelipokea. Nimelivisha mti shambani linafukuza nyani. Linafanya kazi kuliko mwenyewe.

Hukuomba. Umemsingizia mzee wa watu. Ningekuelewa kama ungekuwa umefungwa, lakini umejifunga mwenyewe halafu ukampa mwingine lawama akushikie. Unaogopa nini? Kunywa mnazi?

Emily ndiye ninayemwonea uchungu. Tangu mama afe, mimi ndiye nilimbeba mgongoni, na wewe ulikuwa unamkata kucha. Njoo.

Kahonzi

(Nahashon, neno lako la nyani nimelipata. Sijalijibu, nalitafuna.)


Marafa,
5 Mei 2025

Masha,

Naandika kwa sababu siwezi kukutazama usoni, na namshukuru Mungu uliondoka Jumapili alfajiri kabla sijaamka.

Sina salamu. Mbuzi tuliyemchinja tumemla peke yetu siku tisa.

Ulikuja, nakubali. Ulishuka kwenye pikipiki Ijumaa ukiwa na Jedida na kuku mweupe, nikalia kwa furaha, na hilo silifuti. Asubuhi uliamka saa kumi na moja ukasimama uani ukingoja mtu akuambie uteke maji. Niliona.

Lakini hebu nikukumbushe ulichofanya saa nne, maana labda ulikuwa hujitambui. Wazee kumi na wawili wameketi. Mtungi umefika. Mnazi umemiminwa, umetoa povu zuri. Emily yuko kwenye mkeka na kitenge chake cha kijani, ameinamisha kichwa. Umepewa kata. Ulitakiwa kusema maneno matatu tu: Emily, ninywe nisinywe. Naye angejibu "Kunywa", kama nilivyomfundisha wiki nzima, asubuhi na jioni.

Wewe ukasimama na kata mkononi. Ukatazama kulia. Ukatazama kushoto. Ukatazama getini, na sisi hatuna geti. Ukakohoa, ukainua sauti ambayo si yako, ukasema, "Asiyekubali asimame."

Wazee wakatazamana. Mjomba wake Mwaro alikuwa ameshafungua mdomo, ukabaki wazi.

Emily akasimama.

Mtoto ambaye hajawahi kuniinulia jicho alisimama wima katikati ya mkeka mbele ya koo mbili. Nikamwambia kaa chini. Akasema, "Dada, kaka amesema asiyekubali asimame. Mimi sikubali, ndiyo nimesimama." Kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba ameulizwa njia ya kwenda sokoni. Akaulizwa Mwaro amemkosea nini. Akasema, "Hajanikosea. Ila hakuna aliyeniuliza. Mimi nataka kwenda Dabaso kufuga kaa kwanza." Na wewe ukarudisha kata mtungini, polepole, ukajipangusa mikono, ukasema mbele ya watu wote, "Basi, halijapita."

Mjomba wa Mwaro aliubeba mtungi kurudi nao kwenye pikipiki. Nasikia haukufika, walisimama njiani mara tatu.

Usinipigie. Usiniandikie.

Kahonzi


Mariakani,
8 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Ulisema nisiandike, nami nimetii mwezi mzima, maana kutii nimezoea. Lakini leo nimeamua kuandika, na uamuzi huu ni wangu mwenyewe, unaweza kuuona kwa jinsi mwandiko ulivyopinda.

Jedida hajambo. Kuku mweupe alipotea tulipokuwa tukirudi, tukamkuta ameketi ndani ya mkoba.

Kwanza nikwambie kweli. Mwenyekiti hakunikataza. Niliogopa kata. Nilijua nikiishika, lolote litakalotokea litakuwa langu. Ndoa ikienda vibaya, Masha ndiye aliyekunywa. Mahari ikionekana ndogo, ni Masha. Ikionekana kubwa, ni Masha. Miezi yote hii nilikuwa na Nahashon wa kumtupia kila kitu, kabichi ni Nahashon, simu ni Nahashon, kutokusalimia wewe ni Nahashon. Nilimtumia kama mwamvuli, naye akinyeshewa mimi nikasema ona anavyopenda mvua. Nina aibu, dada.

Na lile neno, naapa sikulikusudia. Nilitafuta "ninywe nisinywe" kichwani nikalikosa. Mdomo ukatoa ulichozoea kusikia. Nimelisikia kila Jumapili miezi yote hii na sikujua kuwa ni swali. Kwetu huku ni kama amina, linasemwa ili tukale. Emily hakufundishwa hivyo. Alisikia mtu amesema asiyekubali asimame, akajikagua, akaona hakubali, akasimama. Dada, nilimtazama nikasikia uchungu na furaha kwa pamoja, na nusura nipige makofi.

Sasa sikia yaliyotokea Jumapili iliyopita. Mwenyekiti alisoma pendekezo kwamba kucheka kwa sauti kuwe na kikomo, mwisho rimu ya jioni, kwa sababu chumba cha pili wanacheka na chumba cha tano wanadhani wanachekwa wao. Akasema, "Asiyekubali asimame." Nikawa nasikia harufu ya ugali. Benchi lilikuwa zuri. Magoti yangu yakaniomba nisifanye. Nikasimama.

Kisha Wanjira akasimama, safari hii bila siafu. Kisha Jedida na kuku wake. Kisha watu sita zaidi, ingawa nadhani wawili walisimama kwa sababu tuliwaziba wasione.

Mwenyekiti akafungua kitabu chake, akatafuta, akafunga. Akauliza, "Sasa tufanye nini?" Tukasema hatujui. Tukasimama hivyo hivyo kama foleni isiyo na bomba. Halafu mzee akaketi kwenye benchi letu. Akasema, "Nimechoka na hii rimu tangu Oktoba. Wiki mbili zilipoisha niliiweka nati juu ya ukuta siku tatu nzima, mtu aje aichukue. Mkawa mnaipita. Wa chumba cha nne akanirudishia, akasema mzee umesahau kitu chako. Nikadhani mnataka zaidi, nikawa natafuta la kuongeza."

Wa chumba cha nne ni mimi, dada.

Simu tulirudishiwa. Ziliwashwa zote kwa pamoja na ugomvi ukaanza kabla ya saa kuisha. Watu watatu wamemwomba mzee awawekee zao tena, amekataa, amesema kikapu amewekea vitunguu. Rimu tumebaki nayo, ila inapigwa kwa zamu, kila chumba wiki yake. Wiki hii ni mimi. Jana nilichelewa, pakawa na vita vya ndoo, na hili ndilo jina lake. Tuligombana vizuri sana, tukapatana saa tano. Kabichi Jumanne ni hiari. Cha ajabu, vyumba saba bado wanapika.

Simu yangu iko hapa mkononi. Nimekupigia mara kumi na nne. Hupokei.

Masha

*Sikuisoma. Masha amenisomea mwenyewe kwa sauti, nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Salamu mama. Neno la nyani nalifuta. Nahashon.*


Marafa,
29 Juni 2025

Ndugu yangu Masha,

Marahaba, wewe na Jedida, na umwambie Nahashon asilifute lile neno. Lilikuwa na haki ya kukaa.

Simu yako naiona ikilia. Siipokei kwa sababu kwa simu ungesikia ninavyolia mimi, na wewe ukisikia dada yako analia utamtangazia dereva wa lori. Kwenye karatasi machozi yanakauka.

Mvua imenyesha vizuri. Mihogo imefurahi. Yule mbuzi msomi amezaa.

Nilikaa wiki tano bila kusema na Emily. Alikuwa anakwenda kisimani saa zile zile, anamenya mihogo ile ile, ananipa shikamoo, nami naitika kwa pua. Siku moja nikaanza kuhesabu ni mambo gani niliyowahi kumwuliza tangu nimbebe mgongoni. Nilipata moja: kama amefunga mlango. Nilidhani amenyamaza kwa sababu ameridhika. Kumbe hakuna mtu aliyewahi kumpa zamu ya kusema, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika rimu na nati. Nakuandikia hili mara moja tu, usilirudie mbele ya watu.

Anakwenda Dabaso siku hizi, Jumatatu hadi Ijumaa, analala kwa akina Trizah. Ijumaa anarudi ananuka matope ya mikoko, mikono ina alama za kung'atwa, na anaongea. Masha, mtoto huyu anaongea. Nimejua habari za kaa ambazo hakuna mtu anahitaji kuzijua.

Mwaro alikuja wiki tatu zilizopita, peke yake, bila mtungi wala mjomba. Aliketi akasaidia kumenya mihogo, vibaya sana, kisha akamwuliza Emily mwenyewe kama anamtaka. Emily akasema, "Nitafikiri." Hadi leo anafikiri. Mwaro amekonda. Mimi usingizi umenipaa. Yeye analala fofofo.

Jana, Jumamosi, nikajikaza. Nilimwuliza, "Emily, leo tupike nini?" Akanitazama kama aliyeulizwa na mbuzi. Nikarudia. Akaketi, akafikiri mpaka maji yakachemka na kupungua. Mimi nilikuwa na kuku tayari, nina samaki wa kupaka, nina nazi mbili nimeshazikuna. Akasema, "Kabichi."

Nikasimama kupinga. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikaona niko peke yangu. Basi nikaketi, nikachukua kisu, nikaikata.

Dada yako,
Kahonzi